Mbegu Nyeusi Mguuni mwa Shosho

Harufu ya sabuni ya kipande ikilainika katika maji ya moto bado hunifanya niache ninalofanya. Hunirudisha Isinya, kwenye ploti ya shosho, mama yake mama, nikiwa na miaka tisa. Nimepiga magoti mbele ya beseni na mguu wake wa kulia uko mapajani mwangu.

Shosho alihamia huko kutoka Nyeri akiwa mjane, akazungushia shamba lake ua wa matawi ya miiba kama alivyoona majirani zake Wamaasai wakifanya. Lakini majirani walivaa akala, viatu vyao vya tairi. Yeye alilima pekupeku. Alisema mkulima anayevaa viatu shambani ni mgeni kwake mwenyewe. Mwiba ulipomchoma wayoni aliutoa kwa pini, akaendelea kupalilia maharagwe.

Kulipoota kinundu pale hakujali, maana hakikuuma. Mwaka uliofuata kilikuwa uvimbe wenye vitundu, na humo mkawa mnatoka chembe nyeusi, ndogo kama mbegu za terere, mchicha wetu wa kienyeji. "Mguu wangu umekuwa shamba," alisema, tukacheka hadi machozi.

Kazi ya kuuosha ilikuwa yangu, na sitawaficha, niliipenda. Mama alifanya kazi Kitengela na alikuja Jumapili mbili kwa mwezi. Siku hizo shosho alivaa gambuti, akisingizia tope hata wakati wa kiangazi. Siku nyingine zote nilikamua zile chembe, moja moja, nikiziweka kwenye kifuniko cha chupa. Tuliamini zina mwisho wake: zikitoka zote, mguu utapona. Kifuniko kikijaa alinipikia chapati.

"Usiambie mamako," alinionya. "Ataleta maneno ya hospitali, na mimi siko na uchungu. Kitu haiumi utaenda kuambia daktari nini?"

Nilinyamaza. Kupewa siri na mtu mzima kulinifanya nijione mkubwa.

Jumapili moja mguu ulikataa kuingia kwenye gambuti, na mama akauona. Hospitalini, daktari alitueleza polepole kwamba ni kuvu inayoishi udongoni, kwamba mwiba ndio ulioipenyeza chini ya ngozi. Zile chembe zilikuwa kuvu yenyewe. Ilizaana ndani, na hakuna kukamua kungeimaliza. Angeletwa mapema, kikiwa bado kinundu, wangekitoa na kumpa dawa. Sasa ilikuwa imekula mfupa. Walimkata chini ya goti.

Mama alinigeukia pale kando ya kitanda. "Wewe ndio unaishi na yeye. Hukuona?"

Kabla sijafungua mdomo, shosho alijibu. "Wacha mtoto. Nilikuwa nafunika. Hakujua kitu."

Nilimshukuru moyoni, nikidhani ameniokoa na kiboko tu. Ilibidi niwe na watoto wangu ndipo nielewe. Alijua nitakua, nitakuja kuhesabu miezi ile yote niliyonyamaza, na alitaka lawama ibaki kwake.

Alifariki miaka mitano baadaye. Mazishini mama alisimama akasimulia ukaidi wa mamake, jinsi alivyoficha ule mguu kwa kila mtu, hata kwa mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja. Waombolezaji walitikisa vichwa kwa masikitiko. Nami nilitikisa changu.