Wivu wangu na bastola ya Papa Grace

Leo wivu ulitaka kunifanya nimdanganye bwana yangu juu ya bastola.

Tangu duka letu la simu livamiwe, Papa Grace anatafuta bastola. Kibali amepata. Leo tukaenda uwanja wa shabaha kule Westville kujaribu modeli mpya, tuone kama ni ya kutegemea.

Mwalimu wa shabaha alikuwa dada mmoja mzuri.
Eish, mzuri kweli.

Papa Grace akafyatua. Risasi ya tatu ikakwama.

Nikafurahi. "Hii haifai," nikasema. "Twende."

Yule dada akamshika Papa Grace kiganja, taratibu, kwa vidole vyake vya kucha nyekundu. "Bastola iko sawa. Mkono wake ndio umelegea, ndiyo maana risasi imekwama."

Mimi ndani nawaka.

"Leteni nijaribu."
Nikaishika kwa hasira yangu yote. Risasi zikatoka zote, hakuna iliyokwama.

Papa Grace akanigeukia. "Mama Grace, tununue hii ama?"

Nilitaka kusema hapana, ili asirudi tena kwa yule dada. Lakini nikakumbuka majambazi walivyomlaza chini dukani, mikono kichwani.

"Nunua," nikamwambia. "Ila mazoezi tutakuja wawili."

Yule dada akacheka. Mimi sikucheka.

Wamama wenzangu, mngejibu nini?