Jina Limefika, Mti Haujafika

Dada yangu mkubwa, anayeishi Amerika tangu alipotoka kambi ya wakimbizi, alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Akatutumia sauti kwa WhatsApp. Alitaka nguo za mtoto zifukizwe kwa ule mti ambao koko, nyanya yetu, alifukizia zetu sote hapa mjini Baraka.

"Maduka iko mingi huku, lakini siyui niulize nini. Munitumie jina ya Kizungu."

"Iko sandali," koko alisema. "We ulisoma, umutumie."

Nikatuma: *sandalwood*. Ningeishia hapo, lakini chuo kikuu hakikunifundisha kuishia mahali. Nikamweleza koko kwamba Waingereza hawakulibuni neno hilo. Lilianzia India, *chandana*, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likaingia Kigiriki na Kilatini. Waingereza walilipokea kutoka Kifaransa, wakaliongezea tu neno lao la mti. Sisi tulilipata kwa Waarabu.

Koko alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. "Ilitembea yote hiyo bila kupotea? We, bwana yangu, nilikutuma Mboko kuleta samaki, ukarudia na sabuni."

Siku chache baadaye dada akatuma sauti nyingine, amenuna. "Nimenunua. Inanukia vizuri, lakini haiko ile ya koko."

Nilifurahi kupita kiasi. "Koko, mti yako inatoka kwa milima ya Fizi! Ile ya kweli iko ya India. Nani alikuambia hii iko sandali?"

"Mama yangu."

"Na yeye, nani alimwambia?"

"Mama yake. Endelea kuuliza, utafika kwa Hawa, na yeye atakuuliza juu ya nini haujaoa."

"Sasa nimutumie dada jina gani?"

"Jina imefika. Mti ndiyo haiyafika."

Akatandika kitenge kipya juu ya kikapu kilichopinduliwa juu ya makaa yenye vipande vya mti wake, moshi ukapanda. Kilipokolea akakikunja, akakifunga kwa plastiki mara mbili, akampa mama mmoja wa kanisa letu aliyekuwa anakwenda Amerika kuona watoto wake.

Bado sidhani ni sandali. Lakini sauti iliyofuata, kitenge kilipofika, ilikuwa fupi, haina neno hata moja: dada anavuta pumzi ndefu, kisha mtoto anapiga chafya.

"Haya," koko akasema. "Uulize yeye sasa."