Mama Anang'oa Vipandikizi

Kipandikizi cha kwanza, kijiti nilichokichomeka kiote mizizi, mama aliking'oa mbele ya macho yangu. Tulikuwa uani nyumbani tunamenya mihogo. Akainuka, akaenda kwenye viriba vyangu, vile vifuko vya kuoteshea miche, akakivuta, akakichungulia chini, akasema, "Bado." Akakichomeka tena, akarudi kumenya.

Kuotesha ndiyo kazi yangu. Niko kwenye kitalu cha miti ya mapambo Kasulu, naotesha miti ya majani madogo ambayo watumishi wanaohamia huku wanaipenda mbele ya nyumba zao. Wateja wakorofi nimewazoea. Kwa mama yangu mwenyewe nilishindwa kabisa.

Nyumbani kwetu Murungu, kando ya barabara, palikuwa na mti wa mwamvuli. Tunauita hivyo kwa sababu matawi yake hutanda ghorofa juu ya ghorofa, na vijani vyake havizidi ukucha. Marehemu baba aliupanda wiki ile tuliyopata uraia. Kabla ya hapo hakuwahi kupanda kitu kisicholiwa. Alilima mahindi na maharage, vitu vya kuvuna upesi, maana mkimbizi hajui ataambiwa lini afungashe. Mwaka huu wapimaji wa barabara wakaja, wakaupiga alama nyekundu ya kung'olewa. Nyumba ilipona, mti haukupona.

Nikasema nitaleta mche wa aina hiyohiyo kutoka kitaluni. Mama akakataa katakata.

"Huo utakuwa wako. Mimi nataka wa mume wangu."

Mbegu za mti ule nilizipasua nikazikuta tupu. Vikabaki vipandikizi, na mwamvuli ni mbishi kwa vipandikizi. Nikakata vijiti alfajiri, nikavichomeka kwenye viriba vya mchanga wa mtoni, nikavifunika kwa nailoni, nikaviweka kivulini. Mizizi ya mwanzo ni kama uzi, ukigusa inakatika. Hayo yote nilimweleza mama siku ile ya mihogo, akaitikia vizuri tu. Nikaenda kazini Kasulu. Kurudi, vyote vimekauka. Alikuwa anaving'oa kila asubuhi akishamaliza kusali.

Nikakata vingine, akaving'oa. Nikavificha nyuma ya choo, akavifuata hukohuko. Kuvipeleka Kasulu hakutaka hata kusikia, eti kitu cha baba hakitoki kwenye kiwanja chake. Nilikasirika.

"Mama, huu si muhogo. Ukiugusa unaua."

"Sasa nitajuaje kama umeshika?"

"Hutajua. Utasubiri."

Akanitazama kama mimi ndiye mwenye kasoro. "Mwana wanje, mwanangu, kusubiri nisichokiona nimesubiri maisha yangu yote. Kambini tulisubiri, ofisini tukasubiri. Na kijiti nacho?"

Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Kijiko, mtambo wa wajenzi wa barabara, kikafika kabla hatujapata mche hata mmoja. Kiliusukuma mwamvuli mara moja tu, ukalala. Vijani vikajaa barabarani, magari yakapita juu yake. Mama hakutoka nje kuangalia. Mimi nilitoka, na roho iliniuma sana.

Kilibaki kiriba kimoja, chenye kijiti kimoja chenye majani mawili mabichi. Ubichi huo si ushahidi wa kitu. Kijiti kinaweza kukaa kibichi muda mrefu kwa maji yake chenyewe, halafu kikakuangusha. Na safari hii hapakuwa tena na tawi la kukata.

Jioni ile nilimwona mama amechuchumaa mbele ya kiriba kile, nailoni ameshaifunua, mkono umefika kwenye shina. Nilikuwa mlangoni mwa jiko. Hakukivuta. Aliurudisha mkono polepole, akauficha ndani ya kitenge.

"Njoo ukae na mimi," akasema bila kugeuka. "Nikibaki peke yangu nitakivuta nikitazame."

Nikaenda nikakaa karibu naye. Mikono yangu mwenyewe nikaikalia.