Dani Asimamisha Santuri

Nikinusa jalada kuukuu la santuri, hasira inanipanda. Nilipokuwa mdogo, Dani, yaani nyanya yangu, alinipeleka kwenye duka la santuri karibu na Kaloleni. Nilitaka kitu kimoja tu: kusikia wimbo wa benga, muziki wetu wa gitaa, mpaka mwisho. Lakini gitaa lilipoanza kunoga, Dani aliinua mkono. "Simamisha!" Mwenye duka akainua sindano, naye Dani akajisifu, kama watu wanavyosimamisha muziki dansini ili wajisifu: "Mimi binti wa Dunga, samaki wananiamkia!" Dunga ni ufuo wa wavuvi, lakini samaki gani hao, sijui. Wateja wakashangilia, wimbo ukaanza upya. "Simamisha!" Tena! Nikamlilia mwenye duka, "Mzee, usimsikize, acha iishe!" Akanihurumia, kisha akainua sindano mwenyewe. "Tulia, omera, ndugu yangu. Mimi bado sijajisifu."