Posa ya Mmea Mla Nzi

Fundi cherehani mmoja alikuwa akipenda mimea inayokula wadudu, ile ambayo majani yake huishia na vitungi vyenye maji. Nzi akiteleza humo, habari yake imekwisha. Fundi alitamani kuchanganya aina mbili apate kitungi kisichowahi kuonekana. Lakini mimea hiyo ina dume na jike, naye alikuwa na jike peke yake.

Jike lilipochanua, alimpigia simu mfamasia mwenye dume.

"Wangu amekomaa," alisema. "Akikosa mume wiki hii, basi tena. Wako yuko tayari?"

Mama mkwe wake, aliyekuwa sebuleni akikunja nguo, alisikia yote. Msichana nyumbani alikuwa mmoja tu, mjukuu wake aliyekuwa bado shuleni. Akaja mbio.

"Mkwe wangu, mtoto haolewi. Amalize masomo kwanza."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampeleka uani kumwonyesha bibi harusi. Mama mkwe alichungulia kitungini, akaona mende amezama.

"Huyu ndiye unayemtafutia mume? Huko kwa mume wanajua anachokula?"

Chavua ya dume ililetwa ndani ya karatasi. Bibi mwenyewe alishikilia shina wakati fundi akiipaka kwenye maua kwa brashi laini. Mbegu zilichukua miezi kuota. Vitungi vya kwanza vilipotokea, vilikuwa na mistari myekundu ya baba na midomo mipana ajabu.

"Midomo hiyo," bibi huwaambia majirani, "wametoa upande wa mkwe wangu."