Uyoga wa Bibi Mchina

Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mapumziko, nilipita mtaa wa Batha, hapa Riyadh, mbele ya duka la dawa za Kichina. Muuzaji alikuwa akikata vipande vya uyoga mkavu, mgumu kama gome la mti. Harufu yake iliponifikia, nikawa mtoto tena, Jeddah, kwenye chumba chetu cha juu ya paa.

Mama alikuja umra kutoka Mombasa, mimi nikiwa mgongoni, akabaki akipikia watu harusi. Alfajiri chumba kilinukia iliki na mahamri. Ikama, kile kibali cha kuishi, hatukuwa nayo, kwa hiyo nilifunzwa mapema kutembea kando ya ukuta, nisionekane na polisi.

Ghorofa ya chini alikaa bibi Mchina, Mwislamu, aliyezaliwa hapohapo na wazazi waliokuja kuhiji wasirudi kwao. Mama alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, bibi alitoa uyoga wake, akauchemsha kwa tende za Kichina tangu adhuhuri hadi alasiri. Kazi yangu ilikuwa kuangalia moto na kupandisha bakuli ngazi zote bila kumwaga. Siku moja nilionja. Uchungu ulinikaa kooni hadi usiku.

Bibi hakutudanganya. Alimwambia mama kwa Kiarabu chake cha Hijazi, "Binti yangu, huu utakupa usingizi tu. Ugonjwa wako ni wa hospitali."

"Nikienda watanishika, khala," mama akajibu. "Na huyu mtoto nimwachie nani?"

Basi akaendelea kunywa, na kweli akalala vizuri. Sisi kumwona amelala tukafikiri anapona. Hata akaanza kuniahidi nguo ya Idi.

Asubuhi moja hakuweza kuinuka. Mtoto wa bibi alimbeba hadi garini. Njia nzima mama alinishika mkono, akininong'oneza nikiulizwa niseme sisi ni jamaa za bibi. Tulipofika, wauguzi walimpakia kitandani wakakimbia naye. Hakuna aliyetuuliza ikama. Daktari alituuliza jambo moja tu: "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Figo zilikuwa zimekwisha. Kabla ya Idi, mama akazikwa hukohuko, kwenye kaburi lisilo na jina.

Mimi nilirudishwa Mombasa kwa mama mdogo. Sasa nimerudi huku mtu mzima, nafanya kazi ya nyumbani Riyadh, na ikama yangu iko mkobani. Mwaka jana madam alinichukua Jeddah na watoto wake, nikaomba ruhusa nikautafute mtaa wetu. Umevunjwa wote. Nilimuuliza mlinzi mmoja watu wa pale walihamia wapi, naye akasema hajui, yeye alikuta uwanja mtupu. Nilitaka angalau kumwambia bibi ahsante. Nilisimama juani kwenye kifusi, nisijue hata mlango wetu ulikuwa upande gani, mpaka madam akapiga simu: "Yalla, watoto wana njaa."