Kompyuta Tupu ya Mwalimu Warigia

Mwalimu Warigia alikuwa mtu wa kwanza kuwa na kompyuta nyumbani huku kwetu Kimumu, pembeni mwa Eldoret, na kwa miaka mingi alikuwa pia wa mwisho. Kaka yake alimletea Spectrum kutoka Uingereza mwaka wa 1988: kimashine cheusi, chembamba, chenye vitufe vya mpira. Ilichomekwa kwenye televisheni, na programu zake zilikaa kwenye kaseti za kawaida, zile za kusikilizia nyimbo. Ukizima umeme, mashine yenyewe ilisahau kila kitu. Shika hilo vizuri, maana ndilo lililotutesa.

Mimi Jelagat, binti wa jirani, nilijifunzia hapo hesabu za kuzidisha miaka kumi baadaye. Mwalimu alikuwa ameandika programu mwenyewe, iliyokuuliza maswali, na kila ukijibu sawa ilikuchorea yai. Baba yangu, Kiplimo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyeacha shule darasa la tatu, alikuwa akija kunichukua, halafu anasimama nyuma yangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hajawahi kukiri kwamba naye alikuwa anajifunza.

Januari ya 2008, vita vya uchaguzi vilipofika kwetu, watu wa kabila la Mwalimu ndio waliokuwa wakiwindwa, naye akatoroka asubuhi na mkoba mmoja. Aliishia kwenye kambi ya wakimbizi ya Showground pamoja na maelfu ya wengine, kisha kwa dada yake Thika. Jioni nyumba yake ikachomwa. Katikati ya hapo Baba alikuwa ameingia humo, akatoka na kompyuta, akaificha ndani ya gunia la nepia, majani ya ng'ombe, juu ya baiskeli. Vijana waliofunga barabara kwa magogo walimwambia afungue gunia, akakataa. Walimvunja mkono kwa rungu kabla mmoja wao hajamtambua na kusema aachwe.

Kaseti Baba aliziacha kwenye droo, zikaungua. Yeye aliamini kazi ya Mwalimu imo ndani ya mashine, kama maziwa ndani ya debe. Aliifunga kwa sweta lake la kanisani, akaiweka juu ya kabati, na ole wako uiguse. Nilipoenda chuo kusomea kompyuta ndipo nilipojua anachunga kitu kitupu. Mdomo wangu hauna breki, lakini hapo nilinyamaza. Ungemwambiaje?

Mwaka wa 2019 Mwalimu alirudi Eldoret, akapanga nyumba mtaa wa Pioneer, na siku moja akaleta laptop mbovu kwenye duka langu la ufundi bila kujua ni la nani. Tulikumbatiana, tukalia, nikamsimulia habari za gunia na mkono wa Baba. Nikampigia Baba simu, na kabla ya saa kuisha alikuwa mlangoni na sweta lake.

"Kazi yako yote iko hapa ndani, Mwalimu," akasema. "Hakuna mtu ameigusa. Hebu washa tuone."

Mwalimu alinitazama. Mimi nikaitazama bisibisi.

"Haina waya ya umeme, Baba," nikasema. "Nipe wiki tatu."

Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa ya wiki tatu. Baba alipoondoka, Mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini, "Alivunjwa mkono juu ya hii kitu. Mimi siwezi kumwambia iko tupu."

Basi nikamwekea emuleta, yaani programu inayoifanya laptop ijifanye Spectrum, pamoja na ujinga wake wote. Ukibonyeza P, neno zima PRINT linajiandika. Mimi jambo hilo lilinikasirisha, Mwalimu alicheka kama msichana, maana vidole vyake vilikuwa bado vinakumbuka. Kila asubuhi alikuja, akaandika upya kutoka kichwani, mstari baada ya mstari, mpaka mayai yakarudi.

Siku ilipofika, nilimwambia Baba nimehamisha kazi kutoka kwenye mashine hadi kwenye laptop. Alivaa miwani, akaketi, akajibu maswali kwa kidole kimoja. Yai. Yai. Yai. Likaja swali la nane mara saba. Akaandika 54.

JARIBU TENA.

Baba alikunja uso. "Hii si ile. Ile ilikuwa inakubali hamsini na nne."

Hapo nikakumbuka viboko nilivyochapwa shuleni darasa la tatu kwa kuandika hiyo hiyo hamsini na nne! Zamani zile Mwalimu alikuwa ameandika majibu yote kwa mkono, akakosea hilo moja, na hakuna mtoto aliyethubutu kumsahihisha. Safari hii alikuwa ameandika jibu sahihi, bila kujua kwamba aliwahi kukosea.

Mwalimu alivua miwani yake. "Baba Jelagat, nisamehe. Hii nimeandika juzi. Ile ya zamani ilikuwa kwenye kaseti. Hii mashine haijawahi kuwa na kitu."

Baba aliinyanyua ile mashine, akaipima uzito mkononi.

"Kwa hivyo nilibeba sanduku tupu," akasema.

"Ndiyo." Mwalimu alikuwa analia sasa.

"Sasa unalia nini? Kwani unafikiri nilikuja kwako kutafuta kompyuta? Nilikuja kukuchukua wewe, nikufiche kwangu. Nikakuta umeenda. Nikaona nisitoke hapo mikono mitupu."

Mwalimu alijifunika uso kwa leso. "Miaka kumi na moja nimekuwa nikiambia watu hakuna jirani hata mmoja alikuja kuniangalia."

"Nilikuja saa nne," Baba akasema. "Nikakuita mpaka sauti ikanikauka."